Je, Mwamko wa Kiroho Una Kiini Kimoja Katika Dini Zote? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwamko wa kiroho ni nini, na swali la kiini cha pamoja linauliza nini hasa?

Katika majibu haya, mwamko wa kiroho ni tukio au hali inayomfanya mtu atambue, kwa namna ambayo hakuwa nayo kabla, kwamba yeye mwenyewe, ulimwengu na kile anachokiita Mungu au ukweli wa mwisho si kama alivyodhani. Huweza kumjia mtu kwa ghafla, kama ilivyompata Paulo njiani kwenda Damasko, au kukomaa polepole ndani ya miaka mingi ya sala, dhikri au taamuli (kutuliza akili kwa kutafakari). William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902, alitaja alama nne za mang'amuzi ya aina hii, yaani mambo ambayo mtu huyajua kwa kuyapitia mwenyewe: hayaelezeki kwa maneno, humwachia mtu yakini kwamba amejua jambo na si kwamba amehisi tu, hayadumu, na mwenye kuyapata hujiona ameshikwa na nguvu isiyo yake. Alama hizo zinatumika hadi leo, ingawa ile ya tatu ina utata, kwa kuwa wapo wanaosema kwamba hali waliyoingia haikuondoka tena.

Swali la kiini cha pamoja basi ni hili: Sufi anapozungumzia fanaa, yaani kutoweka kwa nafsi mbele ya Mungu, mtawa wa Kikristo anapozungumzia muungano na Mungu, Mhindu wa Advaita, fundisho la kwamba nafsi ya mtu na ukweli wa mwisho ni kitu kimoja, anapozungumzia kuijua Nafsi, na Mbuddha anapozungumzia nirvana, yaani kuzimika kwa kiu na mateso, je, wanaeleza jambo moja kwa lugha nne, au ni mambo manne ambayo kwa mbali yanafanana?

Jibu fupi ni lipi?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba zipo aina kadhaa za mang'amuzi zinazojirudia katika dini nyingi, lakini hakuna aina hata moja ambayo dini zote zimeikubali kuwa ndiyo mwamko wenyewe. Tena mipaka ya aina hizo haifuati mipaka ya dini, bali hupita katikati yake, kiasi kwamba Sufi mmoja anaweza kukaribiana na mtawa wa Kikristo kuliko anavyokaribiana na Sufi mwenzake. Kwa hiyo wanaosema kwamba wote wanapanda mlima mmoja wamekosea, na wanaosema kwamba kila dini ina mlima wake peke yake wamekosea vilevile.

Wazo la kiini kimoja lilianzia wapi?

Maneno ya Kilatini yenye maana ya falsafa ya milele yalitumiwa na Agostino Steuco, askofu wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1540, na baadaye mwanafalsafa Mjerumani Leibniz akayapokea. Hao hawakuwa wakizungumzia mang'amuzi hasa, bali hekima ya kale waliyoiona kuwa inaafikiana na imani ya Kikristo. Wazo katika sura yake ya leo ni changa zaidi. Mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda alilihubiri mbele ya Bunge la Dini za Ulimwengu lililokutana Chicago mwaka 1893, mwandishi Mwingereza Aldous Huxley akalieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1945, na mwaka 1960 Walter Stace, Mwingereza aliyetumikia serikali ya kikoloni Ceylon (leo Sri Lanka) kabla ya kufundisha falsafa Princeton, akalipa hoja zake zilizo makini kuliko zote. Stace alitofautisha aina mbili: ile ya nje, ambamo mtu huviona vitu vyote vilivyomzunguka kuwa kitu kimoja, na ile ya ndani, ambamo fikra, picha na hisia zote hutoweka na kubaki ufahamu mtupu usio na cha kufahamu. Hiyo ya pili, alisema, ni ileile popote inapotokea.

Msomaji wa simulizi hizi anapaswa kukumbuka jambo moja ambalo husahauliwa. Baadhi ya mashahidi wa Mashariki ambao Magharibi iliwaita kuthibitisha umoja huo walikuwa tayari wamesoma vitabu vya Magharibi. D. T. Suzuki, aliyewafundisha wengi Zen, tawi la Ubuddha la Japani, kwa Kiingereza, aliishi Illinois kuanzia 1897 hadi 1908, na rafiki yake, mwanafalsafa Nishida Kitaro, aliandika mwaka 1911 juu ya mang'amuzi safi akiwa amepokea dhana hiyo kwa James. Mtafiti wa Ubuddha Robert Sharf ameonyesha jinsi Zen iliyofasiriwa kwa namna hiyo inavyotofautiana na Zen ya monasteri, ambayo imejengwa juu ya ibada, nidhamu na maandiko. Shahidi aliyefundishwa na wakili hawi mwongo kwa sababu hiyo, lakini ushahidi wake hupungua uzito.

Ni ushahidi gani unaounga mkono kiini kimoja?

Upo, na haufai kupuuzwa. Mundaka Upanishadi, andiko la kale la Kihindu, inasema kwamba mwenye kujua hupoteza jina na umbo lake kama mito inavyoingia baharini. Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania, katika kitabu alichokiandika mwaka 1577 juu ya makao saba ya roho, anasema ndoa ya kiroho ni kama maji ya mvua yanapoingia mtoni, ambayo hayawezi kutenganishwa tena. Meister Eckhart, mtawa Mdominiko wa Ujerumani, alihubiri kwamba jicho analomwonea Mungu na jicho ambalo Mungu anamwonea yeye ni jicho moja. Abu Yazid al-Bistami, aliyekufa katika karne ya tisa, ananasibishwa na tamko la kujitukuza kwa maneno ambayo Mwislamu humwelekezea Mwenyezi Mungu pekee, na Mansur al-Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, na lile la kwamba yeye ndiye Haki, ambalo ni moja ya majina ya Mungu. Watu hawa hawakunakiliana, na wawili kati yao maneno yao yaliwatia matatani: al-Hallaj aliuawa, na Eckhart, baada ya kufa, alihukumiwa kuwa na makosa mwaka 1329 pale Papa Yohane XXII alipotoa hati dhidi ya kauli 28 alizohusishwa nazo. Ni vigumu kusema kwamba mafundisho waliyolelewa nayo ndiyo yaliyowasukuma kuyatamka mambo ambayo wakuu wa mafundisho hayo waliyalaani.

Tena kuna wale ambao jambo liliwajia bila maandalizi. Mwaka 1896 kijana wa miaka 16 katika mji wa Madurai, India ya kusini, alishikwa ghafla na hofu ya kifo, akalala chini kama maiti na kujiuliza ni nini hasa kinachokufa. Alipoinuka hofu ilikuwa imekwisha, na mtu huyo, aliyejulikana baadaye kwa jina la Ramana Maharshi, alisema kwamba vitabu vya Advaita alivisoma baadaye na kuvikuta vikilipa jina lile alilokwisha kulijua.

Wapinzani wa kiini kimoja wanasema nini?

Hoja yao kuu iliandikwa na msomi wa dini Steven Katz mwaka 1978. Alisema hakuna mang'amuzi ambayo hayajapitia mikononi mwa lugha, dhana, malezi na matarajio ya anayeyapata. Mtu haingii katika taamuli akiwa mtupu, akatoka na jambo lisilo na jina, kisha akalivika vazi la dini yake, bali dini yake inakuwa imeshiriki kulifuma jambo lenyewe tangu mwanzo. Mwanafunzi wa Zen ametumia miaka akifundishwa kwamba nafsi ya kudumu haipo, na mtawa Mkarmeli ametumia miaka akimngojea Bwana Arusi. Kila mmoja huishia pale alipoelekezwa. Teresa yuleyule wa maji ya mvua anasema kwamba katika makao ya saba roho huoneshwa Utatu Mtakatifu, na hakuna msomaji wa Upanishadi aliyewahi kuripoti hilo.

Nguvu ya Katz ni kwamba anatulazimisha kusoma maandishi yote badala ya kuchuma sentensi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba hoja yake, ikisukumwa hadi mwisho, haiachi nafasi ya mtu kushangazwa, ilhali historia ya dini imejaa watu walioshangazwa. Msomi mwingine wa dini, Robert Forman, mwaka 1990, alimjibu kwa swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha: ikiwa mtu ameingia katika ukimya ambamo hakuna fikra wala picha yoyote, ni kitu gani ndani yake ambacho utamaduni umekifuma? Mbinu nyingi za taamuli zina kazi ya kuisahaulisha akili yale iliyojifunza, na si ajabu zikifaulu.

Je, tofauti hizi si za maelezo tu, huku jambo lenyewe likiwa moja?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na waliolijadili vizuri zaidi hawakuwa maprofesa wa karne ya 20.

Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 ili afuate njia ya masufi, kwa sababu aligundua kwamba kujua tafsiri ya ulevi si sawa na kulewa, na kujua masharti ya afya si sawa na kuwa mzima. Aliporejea kuandika, alisema kwamba wafikao karibu huonja hali ambayo wengine huidhania kuwa Mungu amekaa ndani ya mja, wengine kuwa wawili wamekuwa mmoja, na kwamba dhana zote hizo ni makosa. Aliyefikwa na hali hiyo, alishauri kwa kunukuu ubeti wa mshairi wa kale, haimpasi kusema zaidi ya kwamba yaliyokuwa yamekuwa. Hapa tayari tunaye mtu anayetenganisha tukio na tafsiri yake, anayekubali kwamba tukio linafanana na muungano, na anayekataa kwamba ni muungano.

Karne tano baadaye, Ahmad Sirhindi wa India, aliyekufa mwaka 1624, alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba yeye mwenyewe aliishi kwa muda katika hali ambamo vyote vilionekana kuwa Mungu, na akaamini fundisho la umoja wa kuwepo, yaani kwamba kinachokuwepo kweli ni Mungu pekee, linalohusishwa na Sufi wa Andalusia Ibn Arabi. Kisha, kwa maelezo yake, aliendelea mbele na kutambua kwamba umoja ule ulikuwa katika kuona kwake na si katika kuwepo kwa vitu: jua likichomoza nyota hazionekani, lakini hazijaacha kuwepo. Sirhindi hakusema kwamba wafuasi wa Ibn Arabi walitafsiri vibaya tukio lilelile. Alisema kwamba walisimama katika kituo ambacho yeye alikipita.

Ushahidi huo huwasumbua watetezi na wapinzani kwa pamoja. Ikiwa Sirhindi na Ibn Arabi wote wawili ni Waislamu wanaosoma Kurani moja, na bado wanatofautiana juu ya hali ipi ni ya juu, basi tofauti hiyo haikuletwa na dini. Na ikiwa Sirhindi yuko sahihi kwamba alipitia hali mbili na si moja yenye maelezo mawili, basi hakuna kiini kimoja hata ndani ya maisha ya mtu mmoja. Katika ulimwengu wa kitaaluma R. C. Zaehner wa Oxford alifika karibu na hapo mwaka 1957 alipogawa mang'amuzi katika makundi matatu, yaani umoja na maumbile, umoja wa nafsi iliyojitenga na vyote, na muungano wa upendo na Mungu. Alikuwa Mkatoliki, na si kwa bahati kwamba kundi la tatu liliibuka kuwa bora kuliko mengine, lakini mgawanyo wake unasaidia hata kwa asiyekubaliana na madaraja aliyoyaweka.

Ubuddha unaingiaje katika jambo hili?

Unaingia kwa namna inayovunja hesabu nyingi nzuri. Maandiko ya kale ya Kibuddha katika lugha ya Kipali yanasimulia kwamba Siddhartha Gautama, ambaye ndiye Buddha, kabla ya kuamka, alifundishwa na walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Wa kwanza alimfikisha katika hali ya kutokuwapo kitu chochote, wa pili katika hali ambayo mtu hawezi kusema kwamba anafahamu wala kwamba hafahamu. Gautama alizimudu zote mbili, akaalikwa kuongoza wanafunzi, akakataa na kuondoka, kwa sababu aliona kwamba mtu hutoka katika hali hizo akiwa na kiu ileile aliyoingia nayo.

Simulizi hiyo inakubali, wazi kabisa, kwamba hali za ukimya wa ndani si mali ya Ubuddha peke yake. Stace angefurahi. Lakini inasema pia kwamba hali hizo za pamoja si mwamko, kwani mwamko ni kuona jinsi mateso yanavyozaliwa na yanavyokoma, na kwamba hakuna nafsi ya kudumu iliyo mmiliki wa lolote kati ya hayo. Kwa Mbuddha wa Theravada, tawi linalofuata maandiko hayo ya Kipali, kumwambia kwamba alichokipata ni kilekile cha Mhindu aliyeitambua Nafsi ya milele ni sawa na kumwambia kwamba hajaamka. Mtafiti anaweza kuwa na sababu za kutomwamini, lakini hana haki ya kunukuu maneno yake kama uthibitisho wa jambo analolikana.

Vipi kuhusu wanaokutana na Mungu aliye hai, mwenye kusema na kuita?

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika neno moto, na chini yake kwamba ni Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu. Karatasi hiyo ilikutwa imeshonwa ndani ya vazi lake alipokufa mwaka 1662. Mtu anayeipunguza hadi kuwa ufahamu mtupu huwa ameitupa sentensi ambayo Pascal mwenyewe aliona ndiyo ya kubeba mwilini. Wapo wengi wa namna hii: Agostino wa Hippo bustanini Milano mwaka 386, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, jijini London mwaka 1738. Kwao kiini si kupotea kwa nafsi bali kuitwa kwa jina, kusamehewa, kupendwa. Bhakti ya Kihindu, yaani njia ya kumpenda Mungu, inawajua watu wa aina hii pia, na mwanateolojia Ramanuja aliwatetea dhidi ya Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita, kwa hoja ambazo mtawa wa Kikristo angezielewa bila kuhitaji mkalimani.

Kupandwa na roho na kunena kwa lugha kuhesabiwe vipi?

Kwa kawaida havihesabiwi kabisa, na huo ni upendeleo. Orodha za kiini cha pamoja zilitungwa na watu waliopenda ukimya, wakaacha nje mang'amuzi ya ngoma, mwili na umati, ambayo huenda ndiyo ya watu wengi zaidi duniani. Katika Vodou ya Haiti au Candomblé ya Brazili, dini zenye asili ya Afrika, aliyepandwa na roho mara nyingi hakumbuki kilichotokea, kwa hiyo alama ya James ya yakini ya kujua inamkosa. Uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 na kuchangia sana kueneza Upentekoste, haukuwa wa kimya hata kidogo. Nadharia yoyote inayodai kuzungumzia dini zote lazima iseme kwa nini inawaacha hawa, na jibu la kwamba mang'amuzi yao ni ya daraja la chini ni hukumu ya kiteolojia iliyovaa koti la sayansi.

Je, uchunguzi wa ubongo haujamaliza ubishi?

Haujaumaliza. Andrew Newberg, mtafiti wa ubongo wa Marekani, na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu 8 wenye uzoefu wa taamuli ya Kibuddha ya Tibet na watawa 3 Wafransisko waliokuwa wakisali, wakaona kwamba kazi iliongezeka sehemu ya mbele ya ubongo na kupungua katika sehemu ya juu kuelekea nyuma ambayo humsaidia mtu kujua mwili wake unaishia wapi. Habari hizo zilipokelewa kana kwamba kiini kimoja kimepatikana. Lakini Newberg huyohuyo, mwaka 2006, alipochunguza wanawake 5 waliokuwa wakinena kwa lugha, alikuta kazi ya sehemu ya mbele imepungua. Mwaka huohuo Mario Beauregard na Vincent Paquette, huko Montreal, waliwachunguza watawa 15 Wakarmeli na kukuta sehemu nyingi za ubongo zikishiriki, si moja. Ikumbukwe kwamba watawa hao waliombwa walikumbuke tukio kuu la maisha yao, kwa kuwa Mungu haji kwa miadi ya maabara.

Hata kama picha zingefanana kabisa, zingeonyesha kwamba watu hao wana ubongo wa binadamu. Mtu anayesoma barua ya mapenzi na anayesoma hati ya mashtaka hutumia sehemu zilezile za ubongo kusoma.

Majaribio ya psilosibini na madodoso yameonyesha nini?

Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa teolojia katika kanisa la Chuo Kikuu cha Boston. Kumi walipewa psilosibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, na kumi vidonge linganishi visivyo na psilosibini. Wengi wa kundi la kwanza walieleza mambo yanayolingana na orodha ya Stace. Mwaka 2006 Roland Griffiths na wenzake wa Johns Hopkins walitoa matokeo ya washiriki 36 kwa taratibu makini zaidi, na miezi miwili baadaye asilimia 67 walilihesabu tukio hilo miongoni mwa matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao. Ni matokeo ya kuzingatiwa, na yanathibitisha angalau kwamba kuna hali ambazo mwili wa binadamu unaweza kuziingia bila kujali ubatizo au shahada ya mtu.

Tatizo liko katika chombo cha kupimia. Pahnke alitumia orodha ya Stace, na dodoso la maswali 32 lililotungwa na mwanasaikolojia Ralph Hood mwaka 1975 lilijengwa pia juu ya Stace. Dodoso linalouliza kama ulihisi umoja, kama wakati ulitoweka na kama tukio lilikuwa takatifu litapata majibu ya umoja, kutoweka kwa wakati na utakatifu, na halitapata kamwe Utatu, kukoma kwa kiu, wala sauti iliyoita kwa jina, kwa sababu halikuviuliza. Hata hivyo Hood anastahili sifa moja kubwa. Dodoso lake lilipojaribiwa Marekani na Iran, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha mpangilio uleule katika nchi zote mbili: umoja wa ndani, umoja wa nje, na tafsiri, kila kimoja kikisimama kivyake. Kwamba tafsiri hujitenga na mengine katika majibu ya Waislamu na ya Wakristo ni ushahidi bora zaidi ambao watetezi wa kiini kimoja wanao, na unaelekeza kwenye viini viwili.

Yupo aliyepita njia mbili akatuambia?

Ramakrishna wa Bengal, aliyekufa mwaka 1886, alifuata kwa muda mfupi ibada za Kiislamu na baadaye za Kikristo, akasema kwamba zote zilimfikisha palepale. Ushahidi wake unanukuliwa kila mahali, lakini siku chache za ibada ya ugenini hazitoshi kumfanya mtu kuwa shahidi wa dini ile. Mwenye kusikilizwa zaidi ni Henri Le Saux, mtawa Mbenediktini wa Ufaransa aliyefika India mwaka 1948, akakutana na Ramana Maharshi, akachukua jina la Abhishiktananda na kuishi huko hadi alipokufa mwaka 1973. Aliamini kwamba ameigusa Advaita kwelikweli, na hakuacha kuadhimisha Misa. Shajara yake ni ya mtu anayeraruliwa kwa miaka mingi kati ya vitu viwili ambavyo vyote alivijua kwa kuvionja, na hakuwahi kutoa fomula iliyovipatanisha. Kama vingekuwa kitu kimoja kwa wazi, asingeraruliwa. Kama visingekuwa na uhusiano wowote, angeweza kuchagua.

Ikiwa yapo ya pamoja, je, dini zote ni sawa?

Hapana, hilo halifuati. Dini ni sheria, jamii, historia na madai juu ya ukweli, na mang'amuzi ni sehemu moja tu ya hayo.

Je, upande wa giza nao ni wa pamoja?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo, na ajabu ni kwamba huzungumzwa kidogo. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, aliandika juu ya usiku wa giza ambamo sala hukauka na Mungu huonekana kuondoka. Miongozo ya Theravada inataja hatua za hofu, machukizo na kutamani kutoroka ambazo mwenye taamuli hupitia kabla ya utulivu. Hakuin, mwalimu wa Zen wa Japani wa karne ya 18, alieleza ugonjwa uliompata kutokana na juhudi zake mwenyewe. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton walichapisha utafiti wa Wabuddha wa Magharibi juu ya matatizo ya taamuli, nao waliyapanga katika aina 59, zikiwamo hofu kuu, kukosa usingizi na kuhisi kwamba nafsi imepotea bila furaha yoyote ndani yake. Kupotea kwa nafsi kulekule ambako mmoja anakuita ukombozi, mwingine alikuogopa kama maradhi. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, katika toleo la mwaka 1994, uliingiza kundi la matatizo ya kidini au kiroho ambayo si ugonjwa. Hata hivyo, anayekosa usingizi siku kadhaa, anayesikia sauti zinazomwamuru au anayefikiria kujidhuru anahitaji daktari kwanza, na mwalimu wa kiroho anayemzuia asiende hastahili kufuatwa.

Walimu wa dini wenyewe wanayathamini mang'amuzi kiasi gani?

Kwa tahadhari kubwa, na katika hili wanakaribiana kuliko katika orodha yoyote ya alama. Yohane wa Msalaba anawaagiza watawa wasiyatamani maono wala wasiyategemee, hata yale yanayotoka kwa Mungu. Zen huyaita maono yatokeayo katika taamuli kuwa ya kishetani na kumwambia mwanafunzi ayaache yapite. Junayd wa Baghdad, Sufi aliyekufa mwaka 910, aliuweka uzima wa akili juu ya ulevi wa kiroho na kutaka fanaa ifuatwe na baqaa, yaani mja arudi kuishi na watu na kutimiza wajibu wake. Teresa aliwaambia masista wake kwamba ndoa ya kiroho ni kwa ajili ya kuzaa matendo.

Makubaliano haya yana uzito wake kwa swali letu, kwa sababu wanaotafuta kiini cha pamoja hukitafuta karibu daima katika kilele cha hali, mahali ambapo walimu hawa waliwaambia wanafunzi wao wasikae.

Ni ushahidi gani ungeweza kubadilisha jibu linalotetewa hapa?

Wa aina tatu. Wa kwanza ni simulizi nyingi zilizochukuliwa mara tu baada ya tukio, kutoka kwa watu ambao bado hawajafundishwa dini yao inaliitaje. Hifadhi ya simulizi iliyoanzishwa na mwanazuolojia Alister Hardy huko Oxford mwaka 1969 ni mwanzo mzuri, ingawa wengi wa waliomwandikia walikuwa Waingereza waliolelewa katika Ukristo. Wa pili ni madodoso yaliyotungwa kwa kuanzia istilahi za Theravada, za tasawufi au za Candomblé, kisha yakajaribiwa kwa wengine wote, ili kuonekana kama mpangilio uleule utajitokeza bila kusaidiwa na Stace. Wa tatu ni mashahidi wa aina ya Le Saux, waliokaa miaka katika njia mbili chini ya walimu wa njia zote mbili, na ambao walimu hao wote wawili walikubali kwamba wamefika. Iwapo watu kama hao wangepatikana kwa wingi, na wakasema kwa sauti moja kwamba walifika mahali pamoja, hoja ya aina nyingi ingelazimika kuachwa.